Kwikwi ya Spika Siku ya Posa

Kuna benchi pale Kasulu, ukishatoka stendi na kuyapita maduka ya mabati, limeegemea ukuta wa duka la mbolea, na asiyekaa hapo asubuhi basi habari za mji anazipata zimeshapoa. Mwenye kijiwe ni Lukmani, muuza kahawa, anayeitwa Mpwani kwa sababu babu yake alitoka Tanga, ingawa yeye mwenyewe bahari kaiona kwenye kalenda. Sheria yake ni moja tu: hapatemwi mate hapa. Wenye ugoro wao wakateme kwao. Mwalimu Lusajo, Mnyakyusa aliyeletwa na serikali kufundisha fizikia, anaitwa Silabasi, maana hakuna jambo duniani ambalo kwake halimo. Ndayisaba wa bodaboda anaitwa Breki, kwa jinsi pikipiki yake isivyokuwa nazo. Na Leonidasi anaitwa Spika, kwa kuwa kuanzia Nyakitonto hadi Kibondo posa ikitaka kunoga hufunguliwa na mdomo wake. Jumamosi hiyo wote wanne walikuwapo, kahawa ilikuwa ya moto, na aliyekuwa kimya ni Spika.

Hakuwa kimya kwa kupenda. Ndani ya mdomo wa juu, kati ya fizi na mdomo wenyewe, alikuwa amebana kifuko cheupe cha nikotini, kidogo kama mto wa kulalia panya. Fizi ilikuwa inawaka kama imepakwa pilipili. Mate yalijaa, na pa kuyatema hapakuwapo, basi akayameza, akameza na mengine, mpaka tumbo likaanza kumuuliza nia yake ni nini. Kisha ikaja kwikwi.

— Kwi, alisema Spika.

— Endelea, alisema Silabasi. Umefika pale pa wapita njia.

— Sisi ni wapita njia, kwi, tumeona moshi unafuka kwenu, tukasema, kwi, hapa pana watu.

— Hapo umesharudishwa nje mara mbili, alisema Lukmani, akimwongezea kahawa.

Kurudishwa nje halikuwa neno la mzaha. Ukoo wa mzee Hatungimana wa Makere, ambako Spika alitakiwa kufika mchana huo, una desturi yake: msemaji wa wageni husimama mlangoni, akasema maneno yake ya kwanza bila kukatika. Akikatika, wenyeji humrudisha nje aanze upya. Wakichoka kumrudisha, hufunga mlango, na posa inakuwa imelala.

Na hii posa ilikuwa imeshasinzia mara moja. Spika alikwenda kumposea mpwa wake Nathaniel, akasema vizuri, hakukatika hata kidogo, ila alipomaliza bibi wa Aneth, binti anayeposwa, akavuta kiti chake nyuma. Akasema huyu ananuka sigara. Akasema mwanangu, baba yake Aneth, alikufa kwa kifua na sigara ikiwa kwenye sahani pembeni ya kitanda, na Nathaniel anaishi kwenye ua wa mtu huyu, kwa hiyo mjukuu wangu hatoki kwenye moshi akaingia kwenye moshi. Nendeni, mrudi huyu mjomba akiwa ameacha. Nathaniel aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa vifungo vya shati. Spika amewahi kufanya mambo mengi ya aibu na kuyasahau, lakini hicho kidevu hakikumtoka. Kamlea kijana huyo tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kurudi, na kurudi mara ya tatu hakuna.

Sigara aliitupa kweli. Ila usiku halali, mchana anawagombeza kuku. Ndipo Breki akamletea kikopo.

— Mjomba, mimi nilikwambia hiki kitu ni freshi, alisema Breki. Hakina moshi, hakina harufu, hakitemwi. Madogo wa Dar wanakaa nacho mpaka kanisani.

— Hukumwambia habari ya kwikwi, alisema Lukmani.

— Mzee baba, mimi ni mleta mzigo. Mleta mzigo haulizwi chumvi.

Hiyo methali haikuwapo kabla ya asubuhi hiyo, lakini pale kijiweni methali mpya hupokelewa kama mgeni, haiombwi kitambulisho.

Silabasi alikiomba kikopo, akakigeuzageuza, akavaa miwani.

— Maandishi haya si Kiingereza, alisema. Lakini hapa pana vitone. Vitone vimepangwa mstari, na vyote vimejazwa rangi.

— Hivyo ndivyo vilivyonishawishi, alisema Breki. Dukani kulikuwa na vya vitone viwili vimejazwa, vya vitatu, na hiki cha vyote. Nikasema mjomba wangu ni Spika, hawezi kwenda ukweni na vitone viwili. Ni kama hoteli. Nyota zikijaa, ujue mashuka ni meupe.

— Sahihi, alisema Silabasi. Daraja la kwanza.

Hakuna aliyewaza kwamba vitone huenda vinahesabu ukali, si ubora. Spika aliafiki kwa kichwa, akajuta, kwa sababu kichwa kilipokwenda chini benchi nalo likaenda, na kiliporudi juu benchi halikurudi nacho. Akashika ukingo wa mbao. Jasho la baridi lilimtoka kwenye paji la uso, na Kasulu asubuhi haina joto la kumtoa mtu jasho.

— Kwi.

— Kwikwi, alisema Lukmani, akiweka birika juu ya makaa, inajulikana. Mtu anatajwa. Hivi sasa huko Makere wanakutaja, Spika. Dawa yake ni kumtaja anayekutaja. Tutaje.

— Hatungimana, alisema Breki.

— Kwi.

— Aneth.

— Kwi.

— Bibi yake Aneth, alisema Silabasi.

Wakasubiri. Spika alibana pumzi. Kipikipiki kikapita, mama mmoja akauliza bei ya mbolea mlangoni, na kwikwi haikuja. Lukmani alikunja mikono kifuani kama mtu aliyeshinda kesi.

— Mnaona. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Lukmani huisema hiyo kila siku na kwa kila jambo, hata chenji ikipungua. Hakuna aliyewahi kumuuliza maana yake, na inaelekea yeye mwenyewe hajawahi kujiuliza.

— Kwi, alisema Spika.

— Sayansi haikubali kutajwa, alisema Silabasi. Jamani, hii ni fizikia ya kidato cha pili. Moshi ni mwepesi, unapanda. Ukivuta sigara, nguvu ya tumbaku inapanda na moshi, inatokea puani, imekwisha. Sasa hiki hakina moshi. Nguvu haina bomba la kutokea. Inashuka. Ikishuka inakutana na kahawa inayopanda. Pale kifuani zinapogongana ndipo inatokea kwikwi.

— Sasa afanyeje? aliuliza Breki.

— Azisawazishe. Aongeze kahawa, ili upande wa kupanda ushinde.

Lukmani alimimina. Spika alikunywa, kwa sababu mtu aliyezama hachagui kamba. Moyo ukaanza kwenda mbio. Aliusikia masikioni, aliusikia kwenye meno, na vidole vilivyoshika kikombe vikawa vinatetemeka mpaka kahawa ikachora duara kwenye suruali ya posa.

— Moyo unakwenda mbio, kwi, alisema.

— Mapigo ya moyo yamegawiwa, alisema Silabasi kwa huruma ya daktari. Kila mtu ana idadi yake. Hapo ulipo unatumia ya mwaka kesho.

— Ningekuwa mimi ningekitoa, alisema Lukmani.

— Huwezi kukitoa, alisema Breki. Muuzaji alisema ni nusu saa. Ukikitoa kabla, dawa inakatikia njiani. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.

— Na atakuwa nacho kule ukweni, alisema Silabasi. Mazungumzo ya posa hayaishi kabla ya jioni. Bila kifuko atatoka nje kutafuta kipisi, bibi atamnusa. Hapa anafanya mazoezi. Mazoezi hayakatizwi.

Hilo lilikuwa kweli, na Spika alilijua kuliko wote. Ndiyo sababu alikuwa amekaa pale na sherehe yote ile mdomoni: alitaka ajizoeze kuongea nacho. Kichefuchefu kilimpanda mpaka kooni, kikasimama hapo kikitazama huku na huku. Alifikiri habari ya kutapika mbele ya bibi wa Makere, juu ya mkeka. Akafikiri habari ya Nathaniel, ambaye muda huo alikuwa nyumbani anapiga pasi shati, akiamini mjomba yuko mjini anatafuta soda za kupeleka. Akajisikia vibaya kuliko kichefuchefu.

— Nyie mnacheza, alisema Breki. Hiki kitu kina nguvu. Kuna mshikaji wangu Kibondo, naye bodaboda, alikibana akiwa anampeleka mwalimu nyumbani. Akampitiliza mwalimu. Akapitiliza kwake mwenyewe. Alikuja kushtuka yuko Mabamba, mpakani kabisa, askari anamuuliza unakwenda wapi, naye kila akifungua mdomo ni kwi. Askari akaandika: bubu, anatafuta matibabu.

— Na mwalimu? aliuliza Silabasi.

— Mwalimu alikuwa bado nyuma, kakaa. Alidhani ni uhamisho.

Silabasi, ambaye ameomba uhamisho wa kurudi Mbeya tangu ana nywele nyingi, hakucheka.

Lukmani alivuta kigoda karibu, akashusha sauti.

— Sasa mniache niseme la kwetu. Kitu kidogo, cheupe, kimefungwa pande zote, hakina mshono unaoonekana, na ndani kina kitu ambacho hakuna hapa aliyekiona. Unakiweka mwilini. Ukikiweka, mwili unabadilika. Ukikikosa, unakitafuta. Kwetu sisi kitu hicho kina jina. Ni hirizi.

— Hirizi inavaliwa mkononi, alisema Silabasi.

— Ya zamani. Hii ya siku hizi inavaliwa fizini.

— Kaifunga nani?

— Ndiyo nawauliza.

Wote wakamtazama Breki. Breki akatazama pikipiki yake.

— Mimi ni Muha wa kawaida, alisema. Hirizi natoa wapi.

— Kama ni hirizi, alisema Silabasi, basi hata hiyo inatii kanuni. Dawa ya moto ni moto. Weka kifuko cha pili upande wa pili. Hapo sasa nguvu mbili zinazolingana zinavutana, mwili unatulia katikati.

Mtu mwenye akili timamu angekataa. Lakini akili timamu ya Spika ilikuwa imeshayumba pamoja na benchi, na pia, tuseme ukweli, kuna sehemu ndani yake ilifurahi kusikia habari ya kifuko cha pili. Alikitoa kikopo mikononi mwa Silabasi, akabana kifuko kingine upande wa kushoto, kikopo akakitia mfukoni. Mdomo wa juu ukatuna kama wa mtu aliyeumwa na nyuki.

Lukmani alisahau kupuliza makaa.

— Vipi? aliuliza Silabasi.

Spika alitaka kusema kwamba sasa haioni vizuri bodaboda iliyo mbele yake, kwamba kichwa kinagonga, kwamba fizi zote mbili zinaungua na miguu imekuwa ya mtu mwingine.

— Kwi, alisema. Kwi.

— Zimekuwa mbili, alisema Breki. Inafanya kazi.

Hapo ndipo alipotokea mama mmoja, wa makamo, kajifunga vitenge viwili, ana kikapu chenye sukari na mchicha. Alisimama mbele ya benchi kwa namna ya mtu ambaye hajatumwa kahawa.

— Mwakeye, alisalimia, na wote wakaitikia. Namtafuta Leonidasi, msemaji wa Nathaniel. Mimi naitwa Ernesta, shangazi yake Aneth. Mara ya kwanza mlipokuja nilikuwa Kibondo. Leo nimetumwa niwapokee huku, niwafikishe nyumbani.

Ni desturi nzuri ya ukoo ule: mgeni wa posa haachiwi atafute njia. Lakini hakuna aliyekumbuka kwamba anayepokea anaweza kuwahi.

— Leonidasi katoka kidogo, alisema Breki.

— Kwi, alisema Spika.

Ernesta alimtazama. Alitazama jasho, akatazama vidole vinavyotetemeka juu ya duara la kahawa, akautazama mdomo.

— Ni huyu?

— Ni huyu, alisema Lukmani, ambaye hawezi kusema uongo akiwa ameshika birika.

— Anaumwa?

— Anatajwa, alisema Lukmani.

— Ni mgongano wa nguvu, alisema Silabasi.

— Ni daraja la kwanza tu, shangazi, atazoea, alisema Breki.

— Nimemuuliza yeye, alisema Ernesta.

Spika alikuwa na majibu. Malaria, kwa mfano. Hapa kwetu malaria haina aibu, hata mkwe hupewa pole. Kazi yake ya miaka yote ilikuwa ni hiyo, kuliokota neno zuri pale lilipohitajika na kulisimamisha mlangoni lisalimie watu. Alilitafuta, lipo, liko karibu. Lakini mama huyu alikuwa ameweka kikapu chini na kuinama kidogo, kama mtu aliyezoea kukaa na wagonjwa, na Spika akakumbuka kwamba mgonjwa wa sigara aliyefia Makere alikuwa kaka yake huyu. Akaona haya kumdanganya. Akauinua mdomo wa juu kwa kidole, akaonyesha.

— Ni nini hivyo?

— Nikotini, kwi. Ile ya kwenye tumbaku. Haina moshi, dada. Sigara nimeacha, kwi, kweli nimeacha. Hiki ni cha kunisaidia niongee vizuri kwenu.

— Na ndicho kimekufanya hivi.

— Ndicho.

— Mbona hujakitoa?

Spika alimtazama Silabasi. Silabasi alimtazama Breki.

— Nusu saa haijaisha, alisema Breki kwa sauti ndogo.

Ernesta alichukua karatasi ya kashata iliyokuwa juu ya kigoda, akaikunjua, akaiweka kwenye kiganja, akamnyooshea Spika kiganja hicho chini ya kidevu, kama anavyofanyiwa mtoto aliyebugia udongo. Spika akatoa kimoja. Kisha akatoa cha pili. Lukmani aligeuka upande wa makaa, kwa kuwa sheria ni sheria na hakutaka kuona.

— Sukutua, alisema Ernesta, na Lukmani akaleta maji bila kuambiwa, akamwonyesha Spika mtaro ng'ambo ya barabara.

Aliporudi, miguu ilikuwa ingali ya kuazima, ila benchi lilikuwa limepunguza mwendo. Ernesta alikuwa bado ameishika ile karatasi. Aliifunua kidogo akavitazama vile vifuko, bila chuki, kama mtu anavyotazama nyoka aliyekwisha kufa ambaye hajui ni wa aina gani.

— Kwa hiyo sigara umeiacha kwa kutumia hivi, alisema.

— Ndiyo, dada.

— Na hivi utaviacha kwa kutumia nini?

Aliuliza kwa upole kabisa. Hakuwa anatega. Alikuwa anataka kujua, maana huko alikotoka angeulizwa.

Silabasi alivua miwani akaifuta kwa tai. Lukmani alitikisa birika kusikiliza kama kuna kilichobaki. Breki alisema oya, akainama kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Benchi lile lina majibu ya vita vya dunia, ya bei ya maharage, ya kwa nini kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilifungwa na nani alibaki na mabati yake. Jibu la hili halikuwamo.

Na Spika, ambaye swali lilikuwa lake, alilisikia likishuka taratibu mpaka mahali ambapo kahawa haifiki. Fizi zilikuwa zinamuuma, kichwa kinagonga, tumbo halijamsamehe, na bado mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaingia mfukoni kutafuta kikopo kabla yeye hajautuma. Aliutoa mkono, akauweka juu ya goti, akautazama. Aliogopa. Hakuwa ameogopa hivyo hata siku bibi alipovuta kiti.

— Sijui, dada, alisema.

Ernesta alikunja ile karatasi vizuri, akaipenyeza pembeni mwa kikapu, mbali na sukari.

— Basi ukisimama pale mlangoni anza na hilo, alisema. Hotuba za wapita njia mama yangu kazisikia nyingi, zote nzuri. Kaka yangu pia alikuwa anajua kuongea.

Kisha akasema magari ya Makere hayangoji, na Spika akasimama, akashika ukuta kidogo, wakaenda kumchukua Nathaniel.